Mwalimu Matilda Alipozijia Picha Zake

Usiku ule nililala Mbulu, nyumbani kwa Mwalimu Deo, katika chumba anachohifadhia mahindi. Baridi ya kule haina utani. Nilijifunika mablanketi mawili na koti langu juu yake, na ubavuni kwangu, juu ya kitanda hichohicho, nililaza bunda la picha lililofungwa kwa turubai, kama mtu anayelala na mgonjwa wake. Asubuhi nilikuwa nipande basi la Arusha kulipeleka. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Ndivyo nilivyojiambia wakati nazima taa.

Picha zile zilitoka kwa Mwalimu Matilda, aliyenifundisha darasa la kwanza upande wa Kondoa. Alifundisha darasa hilo moja maisha yake yote ya kazi. Walitaka kumpa ualimu mkuu akakataa, akasema ualimu mkuu una makaratasi mengi na watoto wachache. Na alichora. Alichukua mifuko ya kitambaa iliyokuja na unga wa ngano, akaifumua, akaifua, akaipaka uji wa muhogo mpaka ikakakamaa, halafu juu yake akaweka kila kitu ambacho mtoto wa miaka saba anahitaji kukijua: herufi, wanyama, jua na mwezi, mwili wa mtu, njia ya maji kutoka mlimani mpaka ndani ya ndoo. Rangi hazikununuliwa. Nyekundu ilikuwa udongo, nyeusi mkaa, nyeupe chokaa, njano binzari, na vyote vilishikwa na gundi ya mgunga. Nazijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nazisaga. Kila niliposhindwa kutulia darasani alinitoa nje, akanipa jiwe la kusagia, na huko nilitulia.

Hata hivyo niliacha shule darasa la nne. Hakunifukuza mtu. Nilitaka tu kujua lile lori la magunia linakwenda wapi, nikapanda. Tangu hapo nimefuata warina asali Katavi, nimechoma matofali Iringa, nimekaa mwaka mzima na fundi saa mmoja Tabora kwa sababu nilitaka kuona ndani ya saa mna nini. Lakini kila nilipopita Kondoa nilikwenda kumwamkia Mwalimu Matilda, hata alipokwisha kustaafu, na kila mara nilimkuta amezungukwa na walimu wapya. Wilaya nzima ilimjua kwa hilo. Mwalimu akitoka chuoni na vyeti vyake, kabla hajashika chaki, alipelekwa kwa Mwalimu Matilda.

Alipofariki nilikuwa porini Katavi. Nilifika matanga yamekwisha. Binti yake, Agripina, akanikabidhi bunda lile mlangoni na kuniambia mama alisema apewe Sele. Nikamuuliza nizifanyie nini. Hilo, akasema, mama hakulisema.

Nikazunguka nalo miezi mingi, nikililinda lisiloe, lisitafunwe na panya. Mwishowe mama mmoja wa Arusha, mwenye nyumba ya maonyesho ya sanaa, aliziona picha zile nikiwa nimezianika juani, akasimama. Akasema atazitia kwenye fremu za vioo, zitasafishwa na mtaalamu, na jina la Mwalimu litaandikwa kwa herufi kubwa ukutani. Nilifurahi mno. Mtu aliyewafundisha wengine kusoma maisha yake yote, sasa jina lake nalo lisomwe. Kulikuwa na picha moja tu ambayo yule mama hakuitaka, nayo nitaieleza mahali pake.

Mwalimu Deo alikuwa na wazo jingine. Yeye naye alianza kazi mikononi mwa Mwalimu Matilda, nami nikiwa bado mtoto pale shuleni. Leo ni mwalimu mkuu, mvi zimemjaa, anakaribia kustaafu. Tulipokuwa tunakula ugali na maziwa ya mgando aliniambia ameletewa walimu wapya watatu, wote wanaogopa darasa la kwanza kama mtu anavyoogopa mbwa asiyemjua. Akaomba nimwachie zile picha azitundike. Nikamwambia watoto watazichana kabla mwaka haujaisha. Akaanza kusema, unajua Sele, zile picha, nami nikamkata kauli. Nikasema nimetembea nazo nchi nzima, nazijua. Akatafuna kidogo.

"Wewe unazipeleka jela, bwana mdogo," akasema, kisha akacheka ili nisikasirike.

Nikamjibu kwamba yeye anataka kuziua. Mkewe akakusanya vyombo, tukaagana kwa upole, nikaenda kulala.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Ninachojua ni kwamba baridi ilikoma.

Nimo darasani. Ni darasa letu la kwanza, la zamani, sakafu ya vumbi lililonyunyiziwa maji asubuhi, na ile harufu ya chaki na watoto waliooga kwa haraka. Lakini madirisha si ya Kondoa. Dirisha moja linatazama tanuri za matofali za Iringa, jingine linatazama mizinga ya Katavi imening'inia mitini, na la tatu linatazama meza ya fundi saa wangu, naye yupo, ameinama na kioo chake jichoni, wala hainui kichwa. Sioni ajabu. Nawaza tu kwamba kumbe kote kule kulikuwa karibu hivi.

Mwalimu Matilda yupo ubaoni, amenipa mgongo. Amevaa lile gauni la kitenge lenye mfuko mkubwa mbele, mfuko aliouongeza mwenyewe kwa ajili ya chaki na brashi. Nywele zake ni nyeusi. Nilipomwona mara ya mwisho zilikuwa nyeupe zote. Namwamkia.

"Marahaba," anasema bila kugeuka. "Umechelewa, Selemani. Kaa."

Natafuta nafasi. Madawati yamejaa, na waliokaa si watoto. Ni walimu. Wanaume wenye tai, wanawake wenye mikoba mapajani, wote wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika masikioni. Kila mmoja ana penseli, na kila mmoja ameishika kwa mkono asiouzoea.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Mwalimu mpya, awe ametoka chuo gani, wiki ya kwanza hakufundisha. Alikaa kwenye dawati dogo katikati ya watoto, akaandika kila walichoandika, ila kwa mkono mwingine. Anayetumia kulia alitumia kushoto, na anayetumia kushoto alitumia kulia. Mwalimu Matilda alipita na kukagua madaftari yote pamoja. Nilimwona kijana mmoja mrefu, amevaa suti, akitoa ulimi pembeni mwa mdomo akihangaika na herufi *e*, na mtoto aliyekaa naye akimwambia polepole, usiibane sana hiyo penseli, Mwalimu, utaivunja. Wapo waliokasirika. Mmoja aliondoka siku ya pili, akasema hakusomea udhalilishaji. Waliobaki, sikuwahi kusikia hata mmoja wao akimchapa mtoto kwa sababu ya mwandiko mbaya.

Sasa nimekaa. Ninayebanana naye ni Deo, lakini Deo wa zamani, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Amefunika kitambaa chake kwa mikono yote miwili kama mtoto anayeficha jibu. Namwambia anionyeshe. Anatikisa kichwa. Namwambia mimi ni Sele, nimelala nyumbani kwake, nimekula ugali wake. Anasema hana nyumba, ndiyo kwanza ameripoti kazini.

Halafu chini ya mikono yake kitu kinachakurachakura, na kuku anatoka.

Huyo kuku ndiye picha ambayo mama wa Arusha hakuitaka. Deo alipomaliza wiki yake ya dawati, Mwalimu Matilda alimpa kitambaa na kumwambia achore mnyama ambaye kila mtoto anamjua. Kijana wa watu alikesha. Alichora ng'ombe, mbuzi na kondoo kwenye makaratasi ya kujaribia, mkono ukazoea, na alfajiri alipofika kwenye kuku mwenyewe alimchora vizuri ajabu, unyoya kwa unyoya, macho yana uhai, akamwekea miguu minne. Hakuona. Akamtundika darasani kwa fahari. Mimi nilikuwa darasa la pili, nimetumwa chaki, na ndiye niliyeuliza kuku huyu anapatikana wapi. Deo alitaka kuichana picha palepale. Mwalimu Matilda akaichukua mkononi mwake, akamwambia aiache, huyu atafundisha kuliko wote. Na kweli, kila mwaka, siku ya kwanza kabisa ya darasa la kwanza, alitundika kuku yule peke yake ukutani, akakaa kimya. Watoto walimtazama. Walitazamana. Mpaka mmoja apate ujasiri wa kusema. Na siku hiyo watoto wote walirudi nyumbani na habari kwamba shuleni wamegundua kosa la mwalimu, na kesho yake hakuna aliyehitaji kuburutwa kuja.

Kuku anatembea katikati ya madawati. Miguu minne haimsumbui; anakwenda kama mbuzi, kwa madaha, kichwa kikichezacheza kama cha kuku yeyote. Walimu wanacheka mpaka madawati yanalia. Deo naye anacheka, akijifuta machozi kwa tai yake. Kuku anatoka mlangoni, nami namfuata, kwa sababu siwezi kuona kitu kinatoka mlangoni nisikifuate.

Nje si nje. Ni ukumbi mrefu, mweupe, sakafu inateleza. Picha zote zimetundikwa, kila moja ndani ya kioo chake, taa ndogo juu yake. Sijawahi kuziona zikipendeza vile. Nasikia furaha kifuani, na Mwalimu Matilda yupo kando yangu, ameshusha miwani yake iliyofungwa kwa uzi, anasoma kibao cha jina lake. Anakisoma polepole, kwa kidole, kama alivyokuwa akitusomesha.

Anasema wameandika vizuri, mwandiko umenyooka. Anaonekana ameridhika, nami naridhika zaidi.

Kisha anakwenda kwenye picha ya herufi *a*. Ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza mlangoni. Kila mtoto aliyeingia asubuhi aliifuata herufi kwa kidole, kuzunguka, kushuka, kukunja mkia, ndipo akae. Kwa hiyo ilikuwa imechakaa, katikati ina mng'ao mweusi wa vidole, na pembeni kuna alama ya uji wa mtu. Hapa ukumbini ni safi. Nyeupe ni nyeupe, nyekundu ni nyekundu. Mwalimu Matilda anaisogelea, anainamisha kichwa kushoto na kulia, anatafuta kitu. Anaweka kidole chake kwenye kioo, anazunguka, anashuka, anakunja mkia. Anapokiondoa, kioo hakina alama yoyote. Hata ule ukungu mdogo ambao kidole cha mtu huacha haupo.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba amekufa.

Sikuogopa. Nilisikia tu aibu, kama mtu aliyekaribisha mgeni halafu akakumbuka kwamba hakumzika. Nikataka kumwambia kwamba nilikuwa Katavi, kwamba habari zilichelewa, kwamba ningejua ningekuja kwa miguu. Yeye alikuwa bado anatazama kile kioo.

"Mikono ya watoto iko wapi, Selemani?"

Namwambia wamesafisha. Namwambia yupo mtaalamu, ana dawa maalumu, hakuna kilichoharibika. Naendelea kueleza na sauti yangu inazidi kuwa ndogo, kwa sababu kila ninaposema neno, ukumbi unapungua. Taa zinazimika moja moja. Ukuta mweupe unakuwa wa udongo. Vioo havipo tena.

Tupo nyuma ya shule, juani, kwenye lile jiwe langu la kusagia. Mimi nimepiga magoti na udongo mwekundu umenifika viwikoni, sijui kama ni mtoto au mtu mzima. Mwalimu Matilda amekaa kwenye kigoda, na mbele yake mwalimu mpya, msichana ambaye simfahamu, ananakili picha ya wanyama kutoka kitambaa cha zamani kwenda kitambaa kipya. Twiga wake ana shingo fupi. Mwalimu Matilda anasubiri msichana amalize, kisha anachukua kile kitambaa cha zamani na kukichana vipande vipande, bila haraka, anampa kila mtoto aliyesimama pale kipande chake cha kufutia ubao.

Nikakumbuka, ndani ya ndoto, jambo ambalo nikiwa macho nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Kila mwaka ulipokwisha, picha iliyochakaa kuliko zote iliteremshwa, na mwalimu mpya wa mwaka huo aliinakili kwa mkono wake, kisha ile kuukuu ikachanwa. Hata mimi niliwahi kupewa kipande, cha sikio la tembo, nikafutia ubao mpaka kikaisha.

Namwuliza zile za kwanza zilikwenda wapi, zile alizochora yeye mwenyewe.

"Ziliisha zamani," anasema. "Soma pembeni."

Bunda lipo mapajani mwangu, limefunguka. Nasoma pembeni mwa kila kitambaa, kule chini, ambako siku zote nilikuwa nikiona majina madogo na kudhani ni ya watoto walioazima. Salma, chini ya jua na mwezi. Mkami, chini ya njia ya maji. Deo, chini ya kuku. Zuhura, Peniel, Salma tena. Nafika mwisho wa bunda na sijaliona jina la Matilda hata mara moja, nami nageuka kumtazama, na uso wake umejaa furaha ya mtu aliyepika chakula kikaliwa chote.

Nikamwuliza swali ambalo nadhani nilikuwa nimelibeba tangu pale mlangoni kwa Agripina. Kwa nini mimi? Walikuwapo walimu wote wale, wenye vyeti, wenye nyumba za kuhifadhia vitu. Mimi hata darasa la tano sikulifikia.

Anatazama mikono yangu myekundu, anatazama jiwe. Anazungumza kama mtu anayegawa kazi za asubuhi.

"Wao wanajua kuchora. Wewe unajua kusaga. Mwambie Deo azitundike, na zikichakaa wachore nyingine, na rangi wafundishe wewe."

Nikasema mimi si mtu wa kukaa mahali. Akasema anajua, hakuniambia nikae milele. Rangi inafundishwa msimu mmoja. Kisha kengele inalia, ile ya chuma cha reli, na watoto wanatoka pande zote wakikimbia kuingia darasani, wanatupita kushoto na kulia, vumbi linapanda, naye anainuka, anajifuta mikono kwenye mfuko wa gauni na kwenda nao. Anatembea kwa haraka kama mtu anayewahi kipindi. Mlangoni anasimama kumpisha mtoto wa mwisho. Mtoto anagusa ukuta kwa kidole, anazunguka, anashuka, anakunja mkia. Mlango unafungwa, na ndani nasikia sauti nyingi zikianza kusoma kwa pamoja.

Nikaamka. Mikono yangu ilikuwa baridi na safi. Mwanga ulikuwa umeshaingia kupitia mwanya wa dirisha, na huko chini stendi basi la Arusha lilikuwa linapiga honi kuita abiria. Nilikaa kitandani nikiwa na utulivu ambao siujui sana, mimi ambaye honi ya basi lolote huniinua. Nikafungua turubai, nikakunjua picha ya juu, nikatazama pembeni. Zuhura.

Nilimkuta Mwalimu Deo uani, amefunga shuka kiunoni, anapiga mswaki. Nilimwamkia, akaitika huku povu limemjaa mdomoni, akaniambia nikimbie, basi lile halina subira. Akaona sina mfuko wala bunda. Nikamwambia Mwalimu amesema azitundike darasani, na zikichakaa walimu wapya wachore nyingine.

Akatema povu, akasukutua, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Amesema lini?"

"Sasa hivi."

Hakucheka. Aliendelea kunitazama, na honi ikalia tena, mara mbili, kisha tukasikia injini ikishika mlima na kupotelea upande wa Karatu. Nikamwambia lipo jingine, kwamba mimi nimepangiwa kuwafundisha kusaga rangi, msimu mmoja. Mwalimu Deo akaning'iniza taulo begani, akatazama juu ya paa la shule yake kama mtu anayepima jambo. Halafu akasema udongo mwekundu uko ng'ambo ya bustani ya shule, na tukienda sasa tutawahi kurudi kabla ya kengele.